Mkono wa Pole: Maswali ya Marubani Wapya

Barua nyingi ninazopata siku hizi zinatoka kwa vijana wanaoanza kazi kwenye ndege za safari fupi: ATR na Dash 8, zenye injini mbili za mapangaboi, na wengine wa Caravan, ile ndogo ya injini moja, wanaojiandaa kupanda daraja. Nimechagua kumi zinazogusa wengi na kuzifupisha. Mimi ni kapteni wa ATR na mkufunzi, na nimekalia kiti cha kulia na cha kushoto kwa miaka mingi. Ninayojibu hapa ni ya jumla. Kitabu cha taratibu cha kampuni yako kikisema vingine, fuata kitabu.

Shikamoo Kapteni. Nimepata kazi, mwezi ujao naenda simuleta ya ATR. Nina saa 230 tu angani. Vitabu ni vingi, sijui nianzie wapi. (Rubani mpya, Mwanza)

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Usianze na mfumo wa umeme wala haidroliki. Hayo utafundishwa darasani kabla ya simuleta, ile mashine ya ardhini inayoiga ndege. Anza na vitu vitatu ambavyo ukishaingia ndani hakuna mwalimu atakayepata nafasi ya kukufundisha: mpangilio wa mikono kuanzia swichi ya kwanza hadi ya mwisho, maneno mnayotamkiana wewe na mwenzako, na zile hatua za dharura zinazotakiwa kukaa kichwani bila kusoma popote.

Kipindi kimoja cha simuleta kwa kawaida ni saa nne, mbili zako na mbili za mwenzako. Wengi wetu husafirishwa hadi Johannesburg, Toulouse au Addis Ababa kwa ajili ya vipindi hivyo, na kila saa ina bei yake. Ukipoteza dakika ishirini unatafuta swichi, umejipunja mwenyewe.

Chapisha picha za kokipiti kwa ukubwa wa kweli, uzibandike ukutani, kisha weka kiti cha plastiki mbele yake. Mimi nilifanya hivyo chumbani kwetu. Upande wa kushoto wa kiti nilisimamisha miiko miwili ya ugali kwenye ndoo ya mchanga, ndiyo mikono ya nguvu za injini. Mdogo wangu alikuwa akinisomea cheklisti, ile orodha ya hatua za kuhakikisha, kila jioni baada ya kula, naye hakuwa anaelewa neno hata moja. Kwa wiki tatu niligusa kila swichi ya karatasi huku nikitaja jina lake. Nilipoingia kwenye simuleta mara ya kwanza, mikono ilikuwa inajua njia.

Hiyo miiko ya kushoto haikuwa mchezo. Shuleni ulikaa kiti cha kushoto, ukashika usukani kwa mkono wa kushoto na nguvu ya injini kwa mkono wa kulia. Sasa unahamia kulia na kila kitu kinageuka. Siku mbili tatu za kwanza inachosha kuliko unavyodhani, na ni afadhali uchoke nyumbani.

Hatua za dharura zikariri kwa sauti, kidole kikionyesha. Kuzisoma kimya kitandani hakutoshi. Kama unaweza kuzitamka zote kwa mpangilio huku unageuza chapati bila kuiunguza, zimeingia. Na mtafute mapema yule mtakayekuwa naye simuleta, mjifunze pamoja. Saa zake mbili utakuwa umekaa pembeni yake ukimsaidia, na yeye zako. Mmoja akiwa hajajiandaa wanaumia wawili.

Habari Kapteni. Nimeruka Caravan miaka miwili kutoka uwanja wa Wilson, sasa niko Dash 8. Kila tukianza kushuka najikuta nimechelewa kila kitu. Ndege inanitangulia. (Rubani msaidizi, Nairobi)

Tazama namba kwanza, zitakupunguzia lawama unazojitupia. Caravan kwa noti 160, yaani maili 160 za baharini kwa saa, inamaliza maili 8 za baharini kwa dakika 3. Dash 8 kubwa ikiwa na noti 360 inamaliza maili 18 kwa dakika hizo hizo. Akili yako bado inapanga mambo kwa saa ya Caravan, na uwanja unakuja kwa kasi ya zaidi ya mara mbili.

Dawa ni kuhesabu kabla hujaulizwa. Chukua urefu unaotaka kuupoteza kwa maelfu ya futi, zidisha kwa tatu, unapata maili. Mkiwa futi 21,000 mnakwenda Mombasa, ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari, ni maili 63. Ongeza saba hadi kumi za kupunguza mwendo. Basi mkifika maili 73 mnatakiwa muwe mnaanza kushuka au mnajua kwa nini bado. Kiwango cha kushuka ni mwendo wa ardhini mara tano: noti 300 inakupa futi 1,500 kwa dakika. Kisha rudia hesabu njiani. Mkipita futi 10,000, mko maili ngapi? Kama ni 25 na mwendo bado mkubwa, mko juu. Sema sasa hivi, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha taratibu.

La pili, maliza kazi ya maneno mkiwa bado juu, otopailoti (mtambo unaoirusha ndege wenyewe) imeshika na hakuna haraka. Hali ya hewa ya uwanja, njia ya kuingilia, urefu wa chini kabisa, mtakachofanya msipoona njia ya kurukia: yote yazungumzwe kabla ya kuanza kushuka. Ukiniona nanyamaza dakika kumi kabla ya kushuka, ujue nilishamaliza.

La tatu linawasumbua sana waliotoka ndege za rubani mmoja. Ulizoea kufanya kila kitu peke yako, ukiamini kuomba msaada ni kushindwa. Kwenye ndege ya marubani wawili, anayerusha anarusha na anayefuatilia anafanya mengine. Mwambie mwenzako, "Niulizie hali ya hewa, niwekee namba." Ukianza kunyoosha mkono kufanya kazi ya mwenzako huku unarusha, hapo ndipo ndege inapokuacha.

Na kwa kuwa uko Dash 8, kumbuka yale mapangaboi makubwa. Ukirudisha nguvu nyuma kabisa yanakuwa breki, ndege inazama ghafla, na ukijaribu kuiokoa kwa kuinua pua karibu na ardhi, mkia mrefu ule utagusa lami. Acha nguvu kidogo hadi matairi yanakaribia kugusa, uipunguze polepole.

Mitihani ya simuleta ni mara ngapi kwa mwaka, na nikikaa bila kuruka muda mrefu inakuwaje? (Mwanafunzi, Arusha)

Kwa utaratibu wa kimataifa, mara mbili kwa mwaka, na hiyo miwili haitakiwi kubanana ndani ya muda mfupi ili kumaliza wajibu. Juu ya hapo kuna ukaguzi wa safari ya kweli yenye abiria. Kuhusu kukaa bila kuruka: lazima uwe umeruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, kwenye aina hiyo ya ndege au simuleta yake iliyoidhinishwa. Tunza hesabu hiyo mwenyewe kwenye daftari lako la safari. Ofisi ya ratiba ina marubani wengi wa kufuatilia, leseni ni yako.

Shikamoo. Napangwa mara kwa mara na kapteni mmoja mtu mzima, umri wa baba yangu. Anajua sana kazi, lakini cheklisti anaisoma kichwani na wakati mwingine tunaingia uwanjani tukiwa na mwendo mkubwa. Nashindwa namna ya kumwambia. (Naomba jina lisitoke, Dar es Salaam)

Marahaba. Hili ndilo swali lililonifanya nikae kuandika leo.

Tumelelewa kutomsahihisha mtu mzima mbele ya watu, na malezi hayo ni mazuri. Sitakwambia uyaache mlangoni mwa ndege. Ninachokwambia ni kwamba hata ndani ya malezi yetu, mtoto akiona nyoka chini ya kiti cha babu hasubiri babu amalize kuzungumza.

Mwaka 1977 kule Tenerife, ndege mbili kubwa zilipogongana kwenye ukungu na watu 583 wakafa, fundi wa ndege aliyekuwa nyuma ya marubani alishauliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Kapteni, mtu aliyeheshimiwa sana katika kampuni yake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Swali likaishia hapo. Karibu na kwetu, usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliyotoka Douala kuja Nairobi ilianguka muda mfupi baada ya kuruka na wote 114 wakafa. Kapteni alitamka kwamba otopailoti ishike. Haikushika, na hakuna aliyethibitisha. Ndege ikaendelea kuinamia kulia gizani pole pole, na kwa sekunde nyingi hakuna aliyekuwa akiitazama. Wachunguzi walitaja kapteni kupoteza mwelekeo, na pia walitaja ushirikiano duni kati ya marubani wale wawili.

Nami nina la kwangu. Nikiwa rubani msaidizi tulipewa ruhusa ya kupanda hadi futi 10,000. Kapteni akazungusha kitufe, namba ikasimama kwenye 11,000. Niliiona. Nikajiambia labda amesikia kitu ambacho mimi sikusikia, yeye ana miaka ishirini kazini. Nikanyamaza huku naitazama ile namba. Tulipita 10,000, tukafika 10,200, ndipo mwongoza ndege akauliza kwa sauti kali tunaelekea wapi. Ndege nyingine ilikuwa inashuka kuja 11,000. Nilinyamaza kama sekunde kumi na tano hivi. Kapteni aliponigeukia hakunigombeza, aliniuliza tu, "Uliiona?" Sijawahi kusahau nilivyojisikia kujibu ndiyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya safari, mnapopanga mambo, mwambie kwa adabu zote: "Kapteni, bado najifunza, nikikosea unirekebishe, nami nikiona kitu nitakitaja." Ni wachache watakaokataa maneno hayo, na ukishayasema umejifungulia mlango.

Angani, panda ngazi moja moja. Kwanza uliza: "Kapteni, nisome cheklisti ya kutua?" Usisubiri aombe, isome kwa sauti, naye atalazimika kujibu. Isipotosha, taja namba bila maoni: "Mwendo noti 20 juu." Namba haina umri wala cheo, haimvunjii mtu heshima. Akinyamaza, taja hatari na unachotaka kifanyike: "Kapteni, hatujatulia, tughairi kutua." Hapo sauti iwe ya kawaida lakini ya kusikika, na umwite kwa cheo chake ili azinduke. Ukiwa umesema mara mbili hakuna jibu wala badiliko, na ndege inaelekea pabaya, shika usukani utamke maneno yanayojulikana dunia nzima, "I have control," yaani ndege sasa naiongoza mimi. Kampuni zinaandika hili kwenye vitabu vyao kwa sababu mtu asiyejibu anaweza kuwa amezimia au amezubaa.

Mkishatua, ongea naye mkiwa wawili tu, pengine kwenye chai. Mwambie ulichokiona na kilivyokutia hofu. Mara nyingi mtu mzima anapoambiwa faraghani na kwa heshima hujirekebisha. Mimi nimeshaambiwa hivyo na kijana wa miaka 24 na nikamshukuru. Kama hali inaendelea, kila kampuni ina ofisi ya usalama inayopokea taarifa kwa siri. Andika tarehe, safari na ulichokiona, basi. Usiandike tabia ya mtu.

Kwa nini injini ikizimika baada ya kuruka tunaambiwa tusiguse chochote hadi futi 400? Si ndio muda unapotea? (Rubani msaidizi, Kilimanjaro)

Tarehe 4 Februari 2015, ATR 72 ya TransAsia iliruka kutoka Taipei. Muda mfupi baadaye mfumo ukaonyesha tatizo kwenye injini ya pili, ile ya kulia, na pangaboi lake likajigeuza lenyewe lisilete ukinzani, kama lilivyotengenezwa kufanya. Ndege ilikuwa na injini nzima moja na uwezo wa kuendelea kupanda. Kapteni akarudisha nyuma nguvu ya injini ya kwanza, ile nzima, kisha ikazimwa. Alipotambua kosa, urefu ulikuwa umeisha. Ndege iliinama juu ya barabara ya magari ikaangukia mtoni. Kati ya watu 58 walinusurika 15.

Mwaka 2023, tarehe 15 Januari, kule Pokhara nchini Nepal, anayerusha ATR 72 aliomba flapsi 30 (vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa kwa ajili ya kutua) wakati wa kuingia uwanjani. Mkono wa mwenzake ukashika mikono mingine iliyo jirani, ile ya mapangaboi, ikavutwa hadi mwisho. Mapangaboi yote mawili yakaacha kuvuta. Watu wote 72 walikufa. Hapakuwa na hitilafu kwenye ndege, hali ya hewa ilikuwa njema.

Ndiyo maana tunasubiri. Mfumo wa ATR na wa Dash 8 unajua kugeuza pangaboi la injini iliyokufa na kuiongezea nguvu iliyo hai, tena kwa haraka kuliko mkono wako. Kazi yako sekunde hizo ni kuishika pua mahali pake, kuizuia ndege isipinde kwa kutumia pedali, kulinda mwendo, na kupandisha magurudumu. Ukifika urefu uliowekwa na kitabu, ndipo mnatambua pamoja ni injini ipi. Anayefuatilia anaweka mkono kwenye mkono wa injini anayodhani imekufa bila kuusogeza, anasema, "Namba mbili?" Mwenzake anatazama mita, anatazama mkono ulipo, anajibu, "Namba mbili, nathibitisha." Hapo tu ndipo unasogezwa, tena pole pole, macho yakiwa kwenye mita ili kama ni makosa uyaone kabla hujafika mwisho.

Wanafunzi wangu nawaambia wakalie viganja vyao wakati wa dharura ya kwanza simuleta. Wengine wanadhani nawatania, lakini nasema kweli: kalia kiganja, vuta pumzi moja, soma mita, halafu toa mkono. Kitu pekee kinachotaka mkono wa haraka kuliko huu ni kughairi kuruka kabla ya V1, ule mwendo ambao ukiupita lazima uruke, na hicho ni cha kapteni katika kampuni nyingi.

Ni lazima tunyamaze chini ya futi 10,000 hata kwenye safari ya Dar hadi Unguja? Safari yenyewe ni dakika ishirini, hatufiki hata huko juu. (Rubani, Zanzibar)

Ndiyo, lazima. Maana yake safari yenu yote ni ya kimya, kuanzia injini inapowaka hadi inapozimwa. Ni kama maili 40 tu, na ndani yake mna kuruka, mawasiliano na waongoza ndege, ndege ndogo nyingi za watalii zikikatiza, na kutua. Hakuna hata dakika tano za mapumziko. Mazungumzo ya kazi yanaruhusiwa. Habari za mpira, mishahara na harusi zisubiri maegesho. Wahudumu nao waelezwe wasibishe hodi ila kwa jambo la usalama. Mkifanya safari sita kwa siku katika njia hiyo, nendeni mkae kivulini katikati, mnywe maji, mzungumze hadi mtosheke.

Naogopa kughairi kutua. Wenzangu wanasema ofisini wataniuliza mafuta. Juzi tulikuwa tunaingia uwanja mmoja wa kando ya ziwa asubuhi, mvua, tukalazimisha. (Rubani msaidizi, Kanda ya Ziwa)

Mdogo wangu, umenitia wasiwasi na nashukuru umeandika.

Ziwa Victoria lina tabia yake. Mchana mvua za radi hujengeka nchi kavu kuzunguka ziwa. Usiku hewa ya nchi kavu inashuka kukutana juu ya maji yenye joto, na radi zinahamia ziwani hadi asubuhi. Kwa hiyo zile safari za alfajiri za Bukoba, Mwanza na Musoma zinaingia wakati ziwa bado halijamaliza. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 iliyokuwa ikienda Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia ziwani kabla ya kuufikia uwanja. Watu 19 kati ya 43 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili, na waliookolewa wengi waliokolewa na wavuvi kwa mitumbwi. Kila ninapoona mtumbwi kando ya uwanja ule nawakumbuka.

Utaratibu unajulikana. Mkiwa ndani ya mawingu, kufikia futi 1,000 juu ya uwanja ndege iwe imetulia: mwendo sahihi, magurudumu na flapsi tayari, kushuka kusizidi futi 1,000 kwa dakika, mstari umenyooka, nguvu ya injini imekaa, cheklisti imekwisha. Mkiwa mnaona wazi, kampuni nyingi zinaruhusu hadi futi 500. Kimoja kikikosekana mnatamka "Go around" na mnapanda. Hakuna mjadala, na yeyote kati yenu anaweza kutamka. Hata wewe mwenye mwezi mmoja kazini. Vivyo hivyo mkifika urefu wa chini bila kuiona njia ya kurukia. Kuona maji au nyumba za karibu haitoshi.

Kuhusu mafuta: yale ya kughairi na kwenda uwanja wa pili yanapakiwa kila safari kwa ajili hiyo hiyo. Yalishalipiwa kabla hamjaondoka. Mimi nikimkagua rubani na akaghairi kutua kwa sababu sahihi, naandika alama nzuri, hata kama njia ya kurukia ilikuwa wazi dakika moja baadaye. Ofisi ikikuuliza, jibu kwa namba: mwendo ulikuwa huu, kushuka kulikuwa huku, kikomo ni hiki.

Jambo jingine la vitendo: kughairi kwenyewe kunatishia kwa sababu tunakufanya kwa nadra. Kila mnapopanga kutua, tamkeni hatua zake kwa ukamilifu, msipite juu juu kwa kusema "kama kawaida." Nguvu, pua juu, flapsi, ndege inapanda, magurudumu. Mara tano kwa siku mdomoni, na siku ukihitaji zitatoka.

Nikitua Nairobi ndege inaonekana kukimbia kuliko Mombasa ingawa mita inaonyesha mwendo ule ule. Ni macho yangu? (Rubani msaidizi, Mombasa)

Macho yako ni mazima. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Siku ya joto la nyuzi 25, hewa ya pale ni nyepesi kama ya futi 7,800 hivi. Mita yako inapima msukumo wa hewa, kwa hiyo noti 120 za mita ni karibu noti 135 za kweli Nairobi, wakati Mombasa kwenye joto la nyuzi 30 ni kama 124. Tofauti ya noti 11 inaonekana ndogo, lakini nguvu ya kusimamisha inakua kwa mraba wa mwendo: breki zinabeba karibu asilimia 18 zaidi. Pia kushuka kwa mteremko ule ule wa nyuzi tatu kutataka futi 675 kwa dakika badala ya 620. Usijaribu kupunguza mwendo kwa sababu ardhi inakimbia, amini mita. Na wakati wa kuruka, fuata majedwali ya uzito bila kuongeza hata begi moja, maana injini nazo zinavuta hewa hiyo hiyo nyepesi.

Nimeanguka mtihani wa simuleta wa kwanza. Nimeona aibu, sijawaambia hata nyumbani. Je, ndio mwisho? (Msomaji, Dodoma)

Siyo mwisho, pole sana mwanangu. Leo hii hii, kabla hujasahau, andika dakika kwa dakika kilichotokea. Kisha tenganisha mambo mawili: uliyokuwa huyajui, na uliyoyajua lakini mkono ukakimbia. Ya kwanza yanatibiwa na kitabu. Ya pili yanatibiwa na mazoezi ya kupunguza kasi, na kwa wanafunzi wangu hayo ndiyo mengi. Muombe mkufunzi akupe sababu kwa maandishi. Atakupa vipindi vya ziada kabla ya kurudia, na vipindi hivyo visogee kwenye udhaifu huo tu. Usije ukaficha matokeo haya siku za mbele ukiomba kazi kwingine. Kumbukumbu zipo, na nimeona vijana wazuri wakipoteza nafasi kwa uongo ambao haukuhitajika. Na waambie nyumbani. Utahitaji mtu wa kukusomea cheklisti.

Kwenye ukaguzi wa nje alfajiri ni giza na tuna haraka. Nitazame nini hasa? (Rubani msaidizi, Mtwara)

Vyote vilivyoandikwa, ila kuna vitatu ninavyorudia mara mbili.

Mrija wa kupimia mwendo: mulika tochi kwenye tundu. Kwenye viwanja vyetu vya joto nyigu wanajenga kwa udongo ndani yake, wakati mwingine kwa saa chache tu ndege ikiwa imesimama bila kifuniko. Mwaka 1996 Boeing ya Birgenair iliyotoka Puerto Plata ilianguka ikiwa na watu 189 kwa sababu mita ya mwendo ya kapteni ilidanganya, na inadhaniwa nyigu ndio walioziba mrija.

Mapangaboi: injini ikiwa imezimwa na fundi anajua upo pale, pitisha kiganja ukingoni mwa kila jani kutoka shina hadi ncha. Kokoto za viwanja vya vumbi zinaacha pengo dogo ambalo tochi haitalionyesha, lakini ngozi ya kidole inalisikia.

Mwisho, vile vifuniko vyenye utepe mwekundu na pini za magurudumu. Vikusanye mkononi, uvihesabu kwa sauti kabla hujapanda ngazi. Kama kitabu kinasema saba na wewe umeshika sita, kimoja bado kipo kwenye ndege. Rudi ukakitafute.